Feri ya Kwenda St. John

Ukishuka melini Charlotte Amalie, mji mkuu wa Visiwa vya Virgin vya Marekani, neno moja la kwetu litakupokea gatini. Nje ya geti zimepangwa pikapu zilizorefushwa nyuma, zikatiwa mabenchi na kuezekwa paa lisilo na kuta, na kila mkaazi wa pale huziita safari. Neno limeingia Kiingereza, likavuka bahari, likatulia Karibi. Hata zile zinazobeba wenyeji kwa nauli ndogo wameziita kwa jina la dola, kwa kuwa kwa muda mrefu nauli yake imekuwa dola moja kwa mwendo mfupi na mbili kwa mrefu. Anayekumbuka daladala ilivyopata jina lake kutokana na ile sarafu ya shilingi tano, tuliyoiita dala, atajua mara moja amepanda kitu gani.

Nchi yenyewe ni ndogo. Iko mashariki ya Puerto Rico, na visiwa vyake vikubwa ni vitatu: St. Thomas, St. John na St. Croix. Columbus alipita hapo mwaka 1493. Wadenmark wakaja kuvitawala, wakalima miwa kwa jasho la Waafrika waliouzwa utumwani, na mwaka 1917 wakaviuza visiwa kwa Marekani kwa dola milioni 25 za dhahabu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 87,146, wengi wao wenye asili ya Afrika. Ni raia wa Marekani, ila wakiwa visiwani hawampigii kura rais. Magari hupita kushoto kama kwetu, na usukani nao uko kushoto kwa kuwa magari yanatoka Marekani bara, basi ukikaa mbele mahali pa abiria utaona ukingo wa mlima uko mbali nawe na magari yanayokuja yako karibu mno.

Naandika hasa kwa ajili ya jamaa zetu wanaoishi Marekani, ambao siku hizi hupanda meli za kitalii kutoka Florida pamoja na wazazi waliowatembelea kutoka nyumbani. Mzazi mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ahakikishe viza yake ni ya kuingia mara nyingi, maana meli ikigusa nchi nyingine njiani, kurudi Florida ni kuingia Marekani upya. Hilo likishatimia, siku ya St. Thomas ni siku ya kutoka wenyewe, bila kununua ziara melini. Meli zikijaa bandarini, barabara ya maduka ya vito inafurika watu, na ufuo unaouzwa na kila kampuni unakuwa kama soko. Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Pillsbury, mwendo wa dakika ishirini kwa feri, kuna St. John, kisiwa ambacho zaidi ya nusu yake ni hifadhi ya taifa.

Njia ni hii. Gati la Havensight na lile la Crown Bay yote yako upande wa kusini, na feri inaondokea Red Hook, ncha ya mashariki. Teksi za pale hutoza kwa kichwa, kwa viwango vilivyowekwa na serikali, na hungoja zijae. Mwenye subira atembee hadi barabara kuu asimamishe safari ya dola. Ukipanda, usikae kimya. Salimia. Wakaazi wa visiwa hivi wanashika salamu kama watu wa pwani yetu: unaingia dukani, unapanda gari, unamkuta mtu dirishani anauza tiketi, kwanza umpe habari ya asubuhi, kisha useme shida yako. Usiku nao hupeana habari za usiku wanapokutana, si wanapoagana. Nimeona mgeni akiuliza bei mara tatu mbele ya mama muuzaji asijibiwe, na aliyemfuata akaanza kwa salamu akahudumiwa kwa tabasamu. Watoto wetu waliokulia ughaibuni wakumbushwe hili kabla ya kushuka melini. Ukitaka kuteremka, kuna kengele ya kubonyeza, hakuna haja ya kupiga kelele ya "shusha!"

Feri kutoka Red Hook huondoka karibu kila saa mchana kutwa. Tuseme meli imefunga gati saa mbili asubuhi na inataka abiria wote wawe ndani saa kumi na nusu. Mtu akishika feri ya saa nne atakuwa ufukweni saa tano. Akianza kurudi saa saba na nusu, akapanda feri ya saa nane, atafika gatini yapata saa tisa. Hapo amebakiwa na zaidi ya saa nzima, na saa hiyo asiiguse. Ni akiba ya feri moja kumpita, au foleni ya magari milimani. Ziara iliyonunuliwa melini ikichelewa, meli kwa kawaida huisubiri. Aliyetoka mwenyewe hana wa kumsubiri. Na aangalie saa yake. Visiwa hivi havibadilishi saa mwaka mzima, kwa hiyo wakati wa baridi viko mbele ya Miami kwa saa moja. Kama meli inafuata saa ya visiwani, na wewe saa ya mkononi bado inasoma ya Miami, utafika gatini ukute maji matupu. Uliza melini asubuhi, ulinganishe, ndipo ushuke.

Cruz Bay, mahali feri inapotia nanga, ni kijiji cha bandari chenye vilima mgongoni. St. John yote haina watu 4,000, na eneo lake ni kilomita za mraba kama 50, kidogo sana hata mbele ya Mafia. Fukwe zinazosifiwa ziko kaskazini, zimefuatana kama shanga kwenye barabara moja ya mlimani: Hawksnest, Trunk Bay, Cinnamon, Maho. Trunk Bay ndiyo ya kwenye picha, na ni halali yake. Mchanga wake mweupe umepinda mbele ya kisiwa kidogo cha miti, na chini ya maji hifadhi imepanga njia yenye mabango yanayoeleza matumbawe na samaki, unayasoma ukiwa umevaa miwani na bomba la kupumulia. Mtu mzima hulipa kiingilio cha dola tano. Meli zikiwa nyingi pana msongamano, na kwa saa mbili na nusu ulizonazo mimi ningechagua pengine.

Ningeenda Maho. Ghuba yake imejikinga, maji hayana kina upande wa pwani, na chini kumeota nyasi bahari ambazo kasa wa kijani huzila. Unaelea tu, hupigi teke, na baada ya muda gamba pana linapanda kuvuta pumzi hatua chache kutoka kwako, kisha linarudi chini kula. Usimfuate wala usimguse. Sisi tuliokulia mahali kasa alipokuwa kitoweo tunajua namna anavyoweza kwisha. Wasio na nauli ya teksi nao wasisikitike: nyuma ya ofisi ya hifadhi pale Cruz Bay pana njia ya miguu, kilomita moja na nusu hivi, inayoshuka hadi fukwe za Salomon na Honeymoon. Beba maji ya kunywa.

Mambo mawili ya kujihadhari. Mafuta ya kukinga jua yenye kemikali zinazoua matumbawe yamepigwa marufuku visiwani tangu 2020, basi nunua yale ya madini au vaa shati la mikono mirefu. Na kuna mti wa manchineel, wenye matunda kama tufaha dogo la kijani, unaoota ukingoni mwa fukwe. Utomvu wake unababua ngozi na tunda lake ni sumu. Mvua ikinyesha, usijikinge chini ya mti usioujua.

Fukwe zote za visiwa hivi ni za umma kwa sheria ya mwaka 1971. Hoteli inaweza kumiliki kiti na mwavuli, haiwezi kuwafungia watu mchanga. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo, nikikumbuka fukwe za kwetu ambazo mvuvi huzungushwa nyuma ya ukuta ili afikie ngalawa yake. Hifadhi ya St. John nayo ilianzishwa mwaka 1956, baada ya Laurance Rockefeller kununua na kutoa ardhi ya zaidi ya ekari 5,000. Imeziokoa fukwe. Ila ardhi iliyobaki nje yake imekuwa ghali mno, na wenyeji wa asili wanapata tabu kujenga walikozaliwa. Mgeni anayefurahia ule ukimya ajue una gharama, na wanaoilipa si wageni.

Mashariki kidogo ya Maho, pale Annaberg, yamebaki magofu ya kiwanda cha sukari na mnara wa kinu cha upepo. Ukisimama hapo unaiona Tortola, ya Waingereza, ng'ambo ya maji membamba. Baada ya Uingereza kufuta utumwa mwaka 1834, wako watumwa wa St. John waliovuka mkondo huo kwenda kuwa huru, wakati upande wa Denmark uhuru haukuja hadi 1848. Na zamani zaidi, tarehe 23 Novemba 1733, watumwa wengi wao wakiwa Waakwamu kutoka nchi iitwayo leo Ghana waliingia ngome ya Coral Bay wakiwa wamebeba kuni, ndani ya kuni wameficha visu vya kukatia miwa. Waliteka ngome, wakapiga mizinga kuwapa wenzao ishara, na kwa miezi kadhaa sehemu kubwa ya kisiwa ikawa mikononi mwao, mpaka Wafaransa walipoleta askari kutoka Martinique mwaka 1734. Kwa muda ule wa feri huwezi kufika Coral Bay na kurudi kwa raha. Annaberg unaweza, ukipunguza kuogelea.

Ukirudi Red Hook na dakika mkononi, kula. Wana andazi la nyama la kukaanga, ndugu wa sambusa, na wana fungi: unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, ukaliwa na samaki wa mchuzi. Mama aliyenipakulia aliniuliza kwetu tunauitaje. Nikamwambia ugali, ila wetu hautiwi bamia ndani, bamia inakaa pembeni. Akacheka, akaniongezea kijiko, na safari ya dola ikawa imeshafika kituoni.