Mshahara, Mikorosho na Mtoto wa Mgongoni

Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, mshahara mara chache huhesabiwa kuwa ndiyo riziki yote ya nyumba. Mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri na mlinzi wa benki, kila mmoja kwa kiasi chake, hutafuta kile ambacho watumishi wa Tanzania wamezoea kukiita mradi, yaani shughuli ya kuingiza kipato iliyo nje ya ajira: banda la kuku, cherehani, genge la mbogamboga, au pikipiki aliyokabidhiwa kijana alete hesabu kila jioni. Hata hivyo, juu ya uwanda wa Makonde na katika tambarare za Masasi zilizo chini yake, mradi unaotangulia yote ni shamba la mikorosho, na mzazi mwenye ajira, shamba na watoto ambao bado hawajaanza shule hujikuta akitumikia mabwana watatu wasiopatana saa.

Hali hiyo kwa kawaida huelezwa kama suala la nidhamu, kana kwamba anayeamka mapema na kupanga ratiba yake vizuri atayamudu yote. Maelezo hayo yana ukweli mdogo. Mwaka una saa za kutosha. Ugumu uko katika majuma machache ambamo ajira, mti na mtoto huidai alfajiri ileile, na anayeyavuka majuma hayo salama ni yule aliye na mtu wa kumwachia mtoto.

Mradi wa mtumishi una historia yake, na historia hiyo haikuanza kwa heshima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, na chini ya jina hilo waliingizwa pia watumishi wa Serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kupokea mishahara miwili au zaidi, kumiliki hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Ugumu wa maisha wa miaka ya 1980 uliudhoofisha mshahara kiasi kwamba hata waliokatazwa walianza kufuga nyuma ya nyumba zao, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likaja kuhalalisha mambo yaliyokuwa yamekwisha kuota mizizi. Sharti lililobaki ni la saa: muda wa mwajiri ni wa mwajiri, na kwa kuwa ofisi nyingi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, mradi wowote hauna budi kuingizwa kabla au baada ya hapo.

Kwa mtazamo wa haraka, mkorosho unamfaa mtu wa namna hiyo kuliko duka, kwani haumlazimu mwenyewe kushinda chini yake akingoja mteja, na kwa miezi kadhaa baada ya mavuno hautaki zaidi ya palizi na kupunguziwa matawi, kazi ambazo vibarua hupewa kwa makubaliano. Mambo hubadilika kuanzia Juni, miti inapotoa majani na maua mapya, kwa sababu ndipo unapoingia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoyafunika maua kwa vumbi jeupe na kuyakausha kabla hayajashika korosho. Kinga yake iliyozoeleka ni salfa, yaani unga wa kiberiti, unaorushwa kwa mashine ya kubeba mgongoni na kurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu katika kipindi chote cha maua. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, ili unga upate kunata. Jua likishapanda, sehemu kubwa ya unga hupeperuka na fedha huenda nao. Alfajiri hiyohiyo ndiyo mtoto mchanga huamka akitaka kunyonya, na ndiyo mwalimu wa zamu anatakiwa awe njiani kwenda shuleni. Mtoto hawezi kwenda shambani siku hiyo hata kwa kubebwa, kwa maana salfa huwasha macho na kukereketa kifua hata cha mtu mzima aliyejifunga kitambaa puani.

Kuokota, ambako hushika kasi kati ya Oktoba na Desemba, kuna tabia nyingine. Korosho iliyokomaa huanguka yenyewe pamoja na bibo lake, yaani tunda lenye maji linaloshikana nayo, na inapaswa kuokotwa, kutenganishwa na bibo na kuanikwa kabla mvua hazijaiharibu. Hapa mtoto anaweza kulazwa kwenye kanga kivulini, na ndiyo maana kuokota kumekuwa kazi ya nyumba nzima. Lakini ni hapohapo penye kishawishi cha kumwachia mtoto wa miaka tisa kazi ya kumbeba mdogo wake siku ambayo wenzake wako darasani. Nyumba nyingi huuita huo msaada mdogo. Kwa haki, ni deni ambalo mtoto mmoja analipishwa kwa ajili ya mwingine.

Ajira nazo hazilingani mbele ya kalenda hii. Mwalimu ana bahati ya likizo mbili, ya katikati ya mwaka inayoangukia mwanzo wa kupuliza salfa na ya Desemba inayoangukia mwisho wa kuokota, kiasi kwamba mtu angeweza kudhani kalenda ya shule ilipangwa na mkulima wa korosho. Muuguzi wa hospitali, iwe Mkomaindo mjini Masasi au ya wamisionari kule Ndanda, hufanya kazi kwa zamu, na zamu ya usiku humpa asubuhi ambayo kwenye karatasi inaonekana kuwa huru, ilhali kwa kweli ndiyo usiku wake wa kulala, nao ni muda ambao mtoto yuko macho na anamtaka mama yake.

Jambo moja limepunguza mzigo huu. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi cha ushirika, kinachojulikana kwa ufupi kama AMCOS, nacho huupeleka katika ghala kuu ukauzwe kwa mnada chini ya chama kikuu, ambacho kwa Masasi ni MAMCU na kwa Newala ni TANECU. Malipo hupitia benki, kama mshahara. Mtumishi aliyeajiriwa hupona siku za kusaka wanunuzi, ingawa hubaki na adha ya kungoja malipo. Wapo pia wanaotafuta njia ya mkato kwa kutumia mshahara wao kununua korosho za majirani wenye shida kabla ya msimu kwa kipimo cha kangomba, biashara iliyopigwa marufuku inayompunja mkulima. Mradi wa aina hiyo haustahili kuitwa mradi.

Upande wa mtoto, sheria imetoa kidogo na kuacha pengo kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na humtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba hupewa siku 3, nazo zitumike ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo huduma ya umma inayomfikia karibu kila mtoto ni darasa la awali katika shule ya msingi, ambalo huanza akikaribia miaka 5. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inavitaja vituo vya kulelea watoto mchana, lakini kituo kilicho mjini humsaidia mwenye kazi mjini na si lazima kimfae aliyepangiwa shule ya kijijini.

Pengo hilo la miaka zaidi ya minne huzibwa na bibi mzaa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ndio wenyeji wakuu wa wilaya hizi, kwa desturi huhesabu ukoo kuukeni, yaani kwa upande wa mama, hivyo mtoto wa binti ni wa ukoo wa bibi kwa haki kamili, na si ajabu akishaachishwa ziwa kulelewa kwake. Desturi hii ndiyo inayomwezesha binti wa Newala mwenye ajira kufika shambani alfajiri na ofisini saa 1:30. Mtumishi aliyepangiwa kituo hapa kutoka Kagera au Kilimanjaro hana bibi huyo jirani; humwita mdogo wake au humwajiri dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni msichana mdogo, ingawa sheria hiyohiyo inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Katika hesabu za faida ya korosho, gharama ya salfa huandikwa, ya vibarua huandikwa, ila jasho la bibi halina safu yake.

Umbali nao hula saa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamishia watu vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, na hiyo ikawa moja ya sababu, pamoja na bei duni na ubwiri unga, zilizoshusha mavuno ya nchi kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Juu ya uwanda kuna pia tatizo la maji, kwa kuwa udongo wake wa kichanga huyanywa ya mvua na vyanzo viko mabondeni. Mradi wa Maji Makonde umekuwa ukiyasukuma kupanda huko tangu miaka ya 1950, lakini siku bomba linapokauka, nepi na vyombo hungoja, na saa iliyotengwa kwa ajili ya shamba huishia kwenye foleni ya ndoo.

Miche bora ya korosho iliyotokana na kazi ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, mkoani humo, huanza kuzaa ikiwa na miaka 3 hivi, muda ambao mtoto naye huanza kuondoka mikononi, na kwa hiyo wazazi wanaopanda mwaka waliopata mtoto hulea vichanga viwili kwa pamoja. Kwa walio katika hali hiyo, saa 2 za kunyonyesha zimo katika sheria na hazihitaji huruma ya mkuu wa kazi: mama anayekaribia kumaliza siku zake 84 na aziombe kwa maandishi kabla hajarejea kazini, na baba, ambaye siku zake 3 zimekwisha zamani, na achukue zamu ya alfajiri nyumbani siku ambazo si yeye anayebeba mashine ya salfa.