Je, Wajua? Barabara Iliyoikuza Ruiru

Je, wajua kwamba barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012? Inaunganisha Nairobi na Githurai, Ruiru, Juja na Thika, na kuna sehemu zenye njia nane. Tangu hapo, mashamba ya kahawa ya Ruiru, mji uliotupatia mbegu ya kahawa ya Ruiru 11, yamezidi kukatwa viwanja na kujengwa maghorofa ya kupangisha. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 Ruiru, wengi kuliko wa mji wa Kisumu. Kila alfajiri matatu hujaa wanaowahi kazi Nairobi. Ukivuka barabara hii, tumia daraja la waenda kwa miguu, uhai haununuliki.