Injini kubwa iliyopenyezwa kwa ujanja
Nilidhani Pontiac GTO ya 1964 ilibuniwa upya kwa ajili ya mbio. Sivyo. General Motors ilikataza gari zake za ukubwa wa kati kutiwa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Mhandisi mkuu wa Pontiac, John DeLorean, na wenzake wakatambua kuwa injini yao ya 389, yaani lita 6.4, ina umbo la nje sawa na ya 326, basi yakaa pale pale bila kukata chuma. Wakaiuza kama nyongeza ya hiari kwenye LeMans, si gari mpya, na katazo likakwepwa. Zaidi ya 32,000 zilinunuliwa.

Ninalowalaumu ni moja: breki zilibaki za ngoma magurudumu yote manne. Kuongeza mbio bila kuongeza breki ni kumchezea dereva maisha yake.