Betri Nzima, Lugha Mbovu

Miongoni mwa hasara za umeme wa jua zinazoweza kuepukika ni ile ya kuitupia lawama betri isiyo na hatia. Hapa Wamagana, makao makuu ya Tetu, ambako ukungu wa Julai huweza kulificha jua siku nzima, shule yenye betri ya lithiamu inahitaji kujua barabara akiba iliyosalia. Taa zikizimika ghafla ilhali kiwambo cha inveta kinaonyesha akiba tele, fundi wa haraka husema: "Betri imekufa, nunueni nyingine."

Tusimkubalie upesi. Ndani ya betri ya lithiamu mna saketi inayolinda seli, nayo huiarifu inveta kupitia kebo nyembamba kiasi cha umeme uliobaki na kikomo cha kuchaji. Betri ya seli 16 za lithiamu na fosfati ya chuma, kila seli volti 3.2, ina volti 51.2, na volti hizo hubadilika kidogo mno tangu betri inapokaribia kujaa hadi inapokaribia kuisha. Inveta isiyoarifiwa, basi, hubahatisha tu.

Chanzo cha ukimya huo aghalabu ni kidogo. Kwanza, je, inveta imeelekezwa kwamba betri ni ya lithiamu, na itifaki iliyochaguliwa ni ya betri hiyo? Pili, je, kebo imo katika soketi yake? Soketi ya CAN, mfumo ambao Bosch iliutangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari, huweza kufanana kabisa na ya RS485, lakini lugha zao ni mbili. Tatu, kebo ya kompyuta huingia sawasawa, ila huenda mpangilio wa pini zake hauafikiani na vifaa hivyo. Nne, zitazamwe swichi ndogo za anwani, hasa betri zikiwa zaidi ya moja. Kirekebishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na matokeo yaandikwe. Nyaya kuu aachiwe fundi mwenye leseni ya EPRA.

Walimu wa fizikia wana somo hapa. Mwanafunzi anayekariri kanuni ya Ohm pasipo kufundishwa kutafuta chanzo cha hitilafu atakuwa mnunuzi wa kudumu. Nazo bodi za shule, kabla ya kulipa, zidai mwongozo, kebo halisi, na kuonyeshwa vifaa hivyo viwili vikizungumza. Karo ya wazazi isinunue betri ya pili kwa kosa la waya.