Oksijeni Siyo Dalili ya Kifo



Juma lililopita, baada ya somo la jioni, mama mmoja wa darasa letu alibaki nyuma na swali. Mumewe anaugua mapafu kwa miaka mingi. Akipanda kilima kidogo tu, anahema. Sasa daktari anataka kumchungulia ndani ya mapafu kwa mpira. Mzee alikubali, lakini aliposikia kuwa atawekewa oksijeni, akagoma. Ati, "Aliyewekewa oksijeni harudi nyumbani."

Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, hasa tangu korona ilipoingia mwaka 2020. Basi leo tulieleze jambo hili polepole.

Kipimo chenyewe ni nini?

Kipimo hiki huitwa bronkoskopi. Daktari hupitisha mpira laini puani au mdomoni. Mpira huo ni mwembamba kuliko penseli, na ncha yake ina taa na kamera. Hushuka katika koo la hewa mpaka kwenye matawi yanayoingia mapafuni. Daktari huona palipoziba au palipovimba, na huweza kuchukua makohozi au kinyama kidogo cha kupima. Hivyo hujua kama ni kifua kikuu, saratani au ugonjwa mwingine.

Kazi hii siyo ya jana. Mwaka 1897, huko Ujerumani, daktari Gustav Killian alitumia bomba gumu kumtoa mkulima mmoja mfupa uliokwama katika njia ya hewa. Mpira laini ulikuja miaka ya 1960, kwa juhudi za daktari Shigeto Ikeda wa Japani.

Kwa nini pumzi hupungua?

Fikirini mfereji wa maji shambani. Ukiweka gogo ndani yake, maji yatapita kwa shida. Ndivyo ilivyo mpira ukiwa ndani ya njia ya hewa. Tena mpira huo hunyonya makohozi, na hewa kidogo hutoka nayo. Na dawa ya kumtuliza mgonjwa huweza kupunguza kasi ya kupumua.

Mwenye mapafu mazima ana akiba, kama mtu mwenye ghala lililojaa. Mwenye mapafu mabovu hana akiba. Anakula cha leo leo. Huyu ndiye anayehitaji kusaidiwa zaidi.

Oksijeni hufanya nini?

Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, karibu 21 ni oksijeni. Hospitalini mgonjwa huongezewa hiyo hiyo, kwa mrija mdogo unaoingia puani. Zipo pia hospitali zenye mashine inayopuliza hewa ya joto na unyevu kwa nguvu zaidi, au barakoa inayosukuma hewa mapafuni.

Kidoleni hubanwa kifaa kidogo kinachoonyesha oksijeni iliyomo katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida namba huwa 95 au zaidi. Ikishuka chini ya 90, wauguzi huongeza oksijeni, au daktari huutoa mpira ili mgonjwa apumzike.

Lakini oksijeni ni dawa, na dawa ina kipimo. Baadhi ya wenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, kama wale waliovuta sigara miaka mingi, huwekwa kati ya 88 na 92 tu. Ikizidi, hewa chafu huweza kujaa katika damu yao. Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, msiguse mtungi!

Mambo ya kukumbuka

1. Mweleze daktari ukweli wote: pumu, moyo, sigara, na dawa unazotumia.
2. Usile chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo. Kuhusu maji na dawa zako, fuata maagizo ya hospitali.
3. Baada ya kipimo, usile wala kunywa mpaka ganzi ya koo iishe.
4. Usiwashe moto wala sigara karibu na oksijeni.
5. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Ukikohoa damu nyingi, ukiumwa kifua au ukikosa pumzi, rudi hospitali mara moja.

Hatusemi kwamba kipimo hiki hakina hatari. Mara nyingine daktari huona pumzi ya mgonjwa ni dhaifu mno, akaahirisha. Lakini wengi tuliowaona na oksijeni, kisha wakafariki, walifika hospitali wakiwa wamezidiwa. Ukiona mwavuli wakati wa mvua, utasema mwavuli ndio umeleta mvua?

Mama yule alifungua daftari lake, akaandika maswali matatu ya kumwuliza daktari. La kwanza lilikuwa hili: "Mume wangu atawekewa oksijeni kiasi gani, na itatolewa lini?" Alituomba tumsahihishie maandishi. Hatukukuta kosa. Akaenda nalo nyumbani, ili mzee alisome mwenyewe.