Kiwanja Ni Chake Kweli, Lakini Kinaruhusu Nini?

Mnunuzi wa kiwanja Dar es Salaam siku hizi ni mjanja. Anadai kuiona hati, anapita serikali ya mtaa, anawadodosa majirani kama kuna ugomvi wa mirathi. Yote hayo yanamwambia kiwanja ni cha nani. Hayamwambii kimepangwa kwa matumizi gani, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila tapeli yeyote kuhusika.

Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mtu hupewa haki ya kuitumia, kwa muda na kwa masharti, na masharti yenyewe yamo ndani ya hati, kwenye mistari ambayo wengi huiruka wakikimbilia jina na ukubwa. Pakiandikwa makazi, gereji ni uvunjaji wa sharti. Dalali atakwambia kubadilisha matumizi ni kitu kidogo. Maombi hupelekwa halmashauri, na halmashauri ina haki ya kukataa. Kwa hiyo usilipe bei ya kiwanja cha biashara kwa ahadi ya dalali.

Hati ukishaisoma, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu uende kwa afisa mipango miji, umwombe akuonyeshe mchoro wa mipango miji uliopitishwa. Kwenye mchoro ndiko utakakoona kwamba uwanda ule mzuri ulio nyuma ni eneo la shule, au kwamba njia unayopita na gari haimo kabisa. Eneo la wazi likikatwa vipande na kuuzwa, kwenye mchoro hubaki eneo la wazi.

Barabara zina hesabu yake. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara, si kutoka mtaroni kama wengi wanavyodhani. Ndiyo maana nyumba ziliwekwa X za rangi mbili: nyekundu kwa aliyeifuata barabara, asiye na fidia, na kijani kwa yule ambaye barabara ndiyo iliyomfuata. Tena usiikariri 30 ukadhani umemaliza. Kwenye Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, hifadhi iliyotumika katika bomoabomoa ya 2017 ilikuwa mita 121.5 kila upande. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za watu walionunua kwa nia njema kabisa.

Mtoni na ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Bonde la Msimbazi linajulikana, lakini vijito vinavyokauka kiangazi ndivyo vinavyowaponza watu, maana Agosti vinaonekana kama uwanja wa mpira. Njia za umeme mkubwa na bomba la gesi nazo zina mikuza. Ulizia upana wake kwa shirika linalohusika.

Huko pembezoni wanakouza kwa hatua, 20 kwa 20, huenda hakuna hati wala mchoro. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi, na eneo lako limetengwa kwa makazi, kilimo au malisho. Muhuri wa mwenyekiti unashuhudia mauziano tu. Hauyageuzi malisho kuwa makazi.

Majibu ya mdomo ofisini hayana kazi siku ya ubishi. Andika barua, utaje namba ya kiwanja na unachotaka kujenga, uombe jibu la maandishi. Mpe mpimaji kazi ya kutafuta bikoni na kupima umbali wake hadi katikati ya barabara. Na kama muuzaji anataka malipo ya awali kabla ya jibu kutoka, mwanasheria aweke kwenye mkataba kwamba fedha zitarudishwa iwapo matumizi unayoyakusudia hayataruhusiwa.