Jina Moja, Tahajia Nyingi: Kulinganisha Majina Yaliyoandikwa katika Ituri

1. Suala lenyewe

Makala hii inakusudia kueleza jinsi maneno yanayotamkwa sawa, au karibu sawa, yanavyoweza kutambuliwa kuwa neno moja ijapokuwa yameandikwa kwa namna mbalimbali. Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Wakati wa vita vya Ituri vya 1999–2003, na tena katika machafuko ya Djugu yaliyoanza mwishoni mwa 2017, maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kuingia Uganda. Huku Bunia, karani huandika majina kwa mazoea ya Kifaransa. Kule Hoima, mwenzake huyaandika kwa mazoea ya Kiingereza. Mama amtafutaye mwanawe katika orodha anaweza kuambiwa kwamba hayumo, ilhali yumo kwa herufi nyingine.

2. Vyanzo vya tofauti

Vyanzo ni viwili. Cha kwanza ni othografia. Katika Kifaransa, ch husomwa kama sh yetu. Sauti ya ch huandikwa tch, ile ya j huandikwa dj, na ile ya u huandikwa ou. Ndiyo sababu ramani zetu zina Tchomia na Djugu, na jina Shukuru huweza kuandikwa Chukuru au Choukourou. Chanzo cha pili ni matamshi. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, dh huelekea kuwa z, na th huelekea kuwa s. Hivyo Dhahabu huitwa Zahabu. Aidha, baadhi ya wasemaji hubadilishana l na r, Riziki akawa Liziki.

3. Njia mbili zinazojulikana

Njia ya kwanza ni Soundex, ambayo Robert C. Russell wa Pittsburgh alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1918. Huhifadhi herufi ya kwanza, hufuta irabu pamoja na h, w na y, kisha huzipa konsonanti zinazofuata tarakimu kwa makundi, zisizidi tatu. Imetungwa kwa majina ya Kimarekani, na kwetu hukosea pande zote mbili. Tchomia hupata T250, na Chomia hupata C500: mahali pamoja pamekuwa pawili. Kinyume chake, baba, bibi na bubu wote hupata B100, kwa kuwa irabu, ambazo ndizo zinazotofautisha maneno hayo, zimetupwa.

Njia ya pili ni kipimo cha Vladimir Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu herufi ngapi ziongezwe, ziondolewe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Kutoka Riziki hadi Liziki ni hatua moja. Lakini kutoka Shukuru hadi Choukourou ni hatua nne, na kutoka Sara hadi Sifa ni mbili tu! Kipimo hiki huona herufi, hakisikii sauti.

4. Ufunguo unaofaa kwetu

Tunapendekeza kila jina litengenezewe ufunguo kwa utaratibu huu:

(a) Iulizwe kwanza orodha imetoka upande gani. Kwa orodha ya Kongo, tch iwe c, na baada ya hapo ch iwe sh; mpangilio huo ukigeuzwa, Tchomia itaharibika. Kisha dj iwe j, na ou iwe u. Kwa orodha ya Uganda, ch iwe c. Asili isipojulikana, zitengenezwe funguo mbili.

(b) Kwa orodha zote, dh iwe z, th iwe s, na r iwe l.

(c) Irabu zibaki.

Kwa njia hiyo Choukourou wa Bunia na Shukuru wa Hoima wote huwa shukulu, na Tchomia na Chomia huwa comia. Kipimo cha Levenshtein kitumike baadaye, juu ya funguo hizo, ili kunasa makosa ya mkono.

5. Mipaka

Ufunguo mlegevu hukusanya pia visivyofanana. Kalamu na karamu huwa kitu kimoja, jambo lisilokubalika katika kamusi. Katika orodha ya watu hatari ni kubwa zaidi: mtoto anaweza kukabidhiwa kwa jamaa wasio wake. Kwa hiyo tahajia ya awali isifutwe kamwe, na ufunguo uwe pendekezo tu, lithibitishwe kwa majina ya wazazi, kijiji na umri.

Hatimaye, sikio lisisahauliwe. Historia ya Elisabethville (leo Lubumbashi) iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, ina tahajia na mgawanyo wa maneno usiotulia. Ilieleweka vema pale msemaji wa Kiswahili cha Shaba alipoisoma kwa sauti. Vivyo hivyo, karani asiyeliona jina katika orodha amwombe mama alitamke, naye ajiulize ni kwa njia ngapi mwenzake wa ng'ambo ya ziwa angeliandika.